Kwetu Mtu Hakimbii Hivi Hivi

Nina hasira za karibu, sifichi. Walimu wenzangu wanajua, wanafunzi wanajua, na mama yangu huko Vugiri anajua kuliko wote, maana ndiye niliyezirithi kwake. Kwa hiyo ninapoeleza yaliyotokea kwenye uwanja wa shule yetu, naomba nisitafutiwe visingizio. Nimeshajitafutia vya kutosha na hakuna kilichonikaa.

Nafundisha jiografia na michezo katika sekondari moja ya kata, upande wa Handeni, kwenye nchi tambarare ambako jua likiamua limeamua. Besiboli ilitufikia kwa bahati tu. Mgeni mmoja wa kujitolea alikaa nasi mwaka na nusu, alipoondoka akatuachia gunia la glovu, magongo sita na mipira iliyochubuka. Mkuu wa shule akaniita ofisini, akalipiga teke lile gunia kidogo, akasema, "Mgosi, hiki kitu utakiweza?" Huku ndivyo wanavyotutania Wasambaa, kila mmoja wetu ni mgosi. Nikasema nitakiweza. Nilikuwa sijui hata gongo linashikwaje.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, na akishaupiga anakimbia kwenda kituo cha kwanza kabla wapinzani hawajaufikisha mpira pale. Akiwahi, yu salama. Akichelewa, ametoka. Vituo ni vinne, na akivizunguka vyote timu inapata alama. Vituo vyetu vilikuwa viroba vilivyojazwa mchanga. Kilichoniteka mimi ni kule kukimbia. Nimekulia mlimani, kwetu mtoto akitumwa chumvi dukani anateremka mbio na kupanda mbio, na mama amesimama mlangoni ametema mate chini. Yakikauka kabla hujarudi, utamtambua. Nilirudi yakiwa mabichi siku zote, na nilipokuwa mtu mzima nikaamini kwamba mtoto asiyekimbia hajalelewa.

Basi nikaweka sheria moja. Ukipiga mpira, kimbia. Hata ukiwa umeupiga vibaya, hata ukiona wazi kwamba unadakwa, kimbia mpaka mwisho. Mpira si wako, miguu ni yako. Asiyekimbia atasugua benchi, na benchi lenyewe lilikuwepo, tulilitoa darasa la kidato cha pili likiwa limevunjika mguu mmoja, nikalikita kwa matofali kando ya uwanja, mahali ambapo kila apitaye atamwona aliyelikalia. Nilimkalisha nahodha wangu. Nilimkalisha mtoto wa mtendaji wa kijiji, baba yake akanipigia simu, nikamwambia mzee, huku uwanjani mtendaji ni mimi. Walimu wakacheka wiki nzima. Nilijisikia mtu.

Kisha akaja yule kijana.

Alikuwa kidato cha tatu, mtoto wa wafugaji wa Kimasai ambao boma lao lilikuwa juu ya mgongo wa kilima, mashariki ya uwanja. Kutoka kituo cha kwanza ungeweza kuona ua wao wa miiba na moshi wao, na wao wangeweza kutuona sisi. Upande wa pili wa uwanja, bondeni, yalikuwa mashamba ya wakulima, mahindi na mbaazi, mpaka kuelekea Kwedizinga. Shule ilikuwa katikati, na watoto wa pande zote mbili walikaa dawati moja.

Mara ya kwanza nilipompa gongo alilipima uzito kwanza, akauangalia mpira ukija, akaupiga bila hata kukunja uso. Ukapita juu ya migunga yote ukaangukia kwenye mbaazi za watu. Wenzake walibaki midomo wazi. Yeye akaliweka gongo chini taratibu, akaanza kutembea kwenda kituo cha kwanza. Kutembea. Mgongo umenyooka, mikono imetulia, mtu anayekwenda kusalimia wakwe. Mpira ulikuwa mbali mno kiasi kwamba alivimaliza vituo vyote kabla haujaletwa. Mpira wa pili aliupiga mfupi, akatembea vilevile, akatolewa akiwa hata nusu ya njia hajafika.

Nilimwita pembeni.

"Mbona hukimbii?"

"Mwalimu, kwetu mtu hakimbii hivi hivi."

"Hivi hivi ndiyo nini?"

"Bila jambo. Mtu akionekana anakimbia uwandani, kule bomani wanajua kuna jambo. Simba, au ng'ombe wameibwa, au mtu ameuawa. Hawaulizi. Wanachukua fimbo wanakuja."

"Na mtu akiwa anacheza?"

Akafikiri, kweli akafikiri, hakuwa ananidharau. "Watoto wadogo wanacheza. Mimi nimeshatahiriwa, mwalimu."

Nilicheka. Nikamwambia hapa ni shuleni, na asiniletee uvivu aliouvalisha rubega. Wenzake waliokuwa karibu wakacheka pia, hasa wale wa bondeni, na kicheko chao hakikuwa kizuri, nilikisikia wakati uleule kwamba si kizuri. Nikamwelekeza kwenye benchi. Akaenda, kwa mwendo wake uleule.

Akakaa pale wiki tatu. Hakununa, hakuomba, hakuchelewa hata siku moja kuja kukaa. Alikuwa anaangalia mchezo kwa macho ya mtu anayehesabu mifugo, na siku moja nikamsikia akimwambia mdakaji wetu kwamba mrushaji akitaka kurusha mpira wa kasi hukanyaga mchanga mara mbili kwanza. Nikaangalia, ikawa kweli. Hilo likanikera zaidi. Mtu mwenye akili namna ile, na miguu mirefu namna ile, anakalia benchi kwa kiburi chake mwenyewe. Ndivyo nilivyojiambia.

Tulikwenda kucheza Korogwe mjini, tumepanda fuso la kukodi, vijana wanaimba njia nzima. Pale uwanjani nikamwona mzee mmoja mrefu, rubega safi, viatu vya matairi, fimbo imelala mabegani. Alikuwa amekuja kwa basi peke yake. Alisimama muda mrefu akiangalia, kisha akanisogelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mwanangu anaumwa?"

Ndipo nikajua ni baba yake. "Hapana, mzee. Mzima kabisa."

"Mbona amekaa?"

"Hataki kukimbia."

Mzee akatazama uwanjani tena. Kijana wetu mmoja alikuwa anahema kituo cha pili, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Mwalimu," akasema, "mwaka huu mvua imetudanganya. Ndugu zangu wanataka vijana wote waende na ng'ombe kutafuta majani huko mbali. Nimewaambia huyu mmoja hapana, huyu ana kazi shuleni. Nimekuja kuiona hiyo kazi."

Damu ilinipanda usoni. Hakuwa amenitukana, lakini nilihisi nimetukanwa, na nikihisi hivyo ulimi wangu hautafuti ruhusa. "Akikimbia atacheza, mzee. Asipokimbia ataendelea kukaa."

"Kwetu anayekaa wenzake wakifanya kazi, amefukuzwa, ila hajaambiwa." Akaishusha fimbo mabegani. "Nitakuja tena mtakapocheza kwenu. Nikimkuta amekaa, naondoka naye."

Tulifungwa siku ile. Njia ya kurudi hakuna aliyeimba. Kijana alikuwa amekaa nyuma kabisa ya fuso, na alijua tulichoambiana mimi na baba yake, kwa sababu baba yake alimwambia mwenyewe kabla hajapanda basi. Yule mtoto alitaka kuwa bwana mifugo. Alishaniambia mara moja darasani, nilipouliza kila mtu anataka kuwa nani, na wakati wengine walitaja urubani na ubunge, yeye alisema anataka kujua kwa nini ndama hufa wakiwa wamenona. Cheti cha kidato cha nne ndicho kilichosimama kati yake na hilo jambo, na sasa mbele ya cheti nilikuwa nimesimama mimi na benchi langu. Nililijua hilo. Nilijiambia kwamba nikilegeza kwake, nahodha atauliza kwa nini yeye alikalishwa.

Kiangazi kikatuingia. Kwanza yalikauka malambo ya juu, kisha ya kati, na ng'ombe wakaanza kuteremka bondeni kutafuta maji. Wafugaji wengine, ndugu wa lile boma la kilimani waliotoka mbali, wakafika na mifugo yao, wageni ambao hawakujua shamba la nani linaishia wapi. Asubuhi moja mbaazi za bibi mmoja zikakutwa zimeliwa zote, zimebaki vishina. Siku chache baadaye ndama wawili wakakutwa wamekatwa mishipa ya miguu. Aliyefanya hakujulikana, au alijulikana na hakutajwa.

Kuanzia hapo mambo yalianza kubadilika kidogokidogo, kiasi kwamba ungeweza kujidanganya kwamba hayabadiliki. Watoto waliokaa dawati moja wakaomba kuhamishwa, kila mmoja na sababu yake, huyu haoni ubaoni, yule anaumwa na upepo wa dirishani. Njiani nikakutana na wanaume watano wa bondeni wana mapanga mabegani, nikawasalimia, wakaitikia vizuri, nikapita, ndipo nikakumbuka kwamba ni Ijumaa mchana na hakuna kitu shambani cha kukata. Fundi cherehani wa pale centa alianza kufunga saa tisa. Mama ntilie akaniambia nikinywa chai, "Mwalimu, safari hii hata majogoo yanawika ovyo." Nikamwambia aache ushirikina. Lakini chai sikuimaliza.

Na ilikuwepo desturi ya bondeni, ambayo naijua kwa sababu hata kwetu milimani ipo. Mtu akipiga yowe, kila anayelisikia anakwenda. Huulizi yowe la nini. Ukibaki nyumbani, siku yako ikifika na wewe utapiga yowe usimwone mtu. Wafugaji wao walikuwa na kile alichonieleza kijana, mtu akikimbia wanakuja. Pande zote mbili hazikuuliza. Nilikuwa nazo desturi zote mbili kichwani mwangu, moja nimezaliwa nayo na nyingine nimeambiwa na mtoto niliyemcheka, na sikuziweka pamoja hata siku moja. Mwalimu wa jiografia, ati.

Mkuu wa shule aliniita. "Simamisha mazoezi wiki hii. Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

"Mkuu, tuna mechi ya marudiano wiki ijayo. Na tukijifungia ndani, ndiyo tunawaonyesha watoto kwamba kuna vita."

Lilisikika neno la busara. Hata leo nikilirudia linasikika hivyo. Mkuu akanyamaza, akavua miwani akaifuta, na mimi nikachukua ukimya wake kuwa ruhusa.

Jumatatu yake kijana akanifuata nyuma ya maabara.

"Shikamoo, mwalimu. Nitakimbia."

Sikuweza kuzuia furaha yangu, nilimshika bega. "Umeona sasa? Ulikuwa unajichelewesha tu."

"Nimemwambia baba. Amekubali, amewaambia na watu wa bomani kwamba wakiniona nakimbia ni mchezo wa shule. Lakini wale ndugu waliokuja na ng'ombe hawalali bomani, wanalala na mifugo huko nyuma ya kilima. Sijui kama wote wameambiwa." Akatazama chini. "Mwalimu, tungefanyia mazoezi ule uwanja wa ndani, nyuma ya madarasa. Kule hatuonekani."

Ule uwanja wa ndani ni wa paredi. Ni mdogo, na pembeni yake kuna madirisha ya vioo ambayo wazazi walichangia kwa taabu. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia, na hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, kwamba mtu akikubali kukimbia akimbie mbele za watu, asijifiche kana kwamba anaiba.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Alhamisi saa kumi jioni tulikuwa uwanjani. Jua lilikuwa bado kali, upepo hakuna. Baba yake kijana hakuwepo bomani, alikuwa kwenye kikao cha suluhu pale ofisi ya kata, pamoja na wazee wa bondeni. Watu wote wenye kauli, wa pande zote mbili, walikuwa kwenye kile kikao. Huku walibaki vijana na wanawake, na mimi.

Niliwapa zoezi la kufukuzana. Mmoja anapiga mpira na kukimbia vituo vyote, na wenzake waliokuwa foleni wanamfukuza kwa nyuma, akishikwa anarudia. Sikuwaambia waweke magongo chini. Waliokuwa foleni walikuwa na magongo mikononi, kila mmoja na lake, na nilipopuliza filimbi wakaondoka nayo.

Zamu yake ikafika. Akaupiga mpira, akaweka gongo chini taratibu kama kawaida yake, akanitazama. Kisha akakimbia.

Sijawahi kuona mtu akikimbia vile. Alikuwa na mbio alizozificha miaka yote. Alipita kituo cha kwanza wenzake wakiwa hawajatoka, wakamwandama wanapiga kelele, watano, watoto wa bondeni karibu wote, magongo juu, wanacheka. Mimi nilikuwa naruka kando ya mstari nikipiga makofi. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli, furaha ya mtu aliyeshinda ubishi. Alipokuwa anakaribia kituo cha tatu nikaona anapunguza mwendo, shingo imegeukia kilimani. Nikapaza sauti aendelee.

Hakuendelea. Alisimama. Nikageuka alikokuwa anaangalia.

Walikuwa wanateremka. Wanaume saba au wanane, rubega zimefungwa viunoni, hawapigi kelele yoyote. Huwezi kujua jinsi ilivyo mbaya kuona watu wanakimbia wakiwa kimya. Walikuwa wameona mtoto wao anakimbia uwandani na vijana watano wa bondeni nyuma yake na marungu. Hicho ndicho walichokiona, na si uongo, ndicho kilichokuwepo. Ningekuwa mimi ningekiona hichohicho.

Kutoka kwenye mbaazi mwanamke mmoja aliyekuwa anakata kuni akawaona. Akapiga yowe.

Likapokewa na mwingine, na mwingine, likazunguka bonde lote. Wanaume wakaanza kuchomoza kwenye mahindi makavu, mmoja huku, wawili kule. Wanafunzi wangu wakajikusanya nyuma yangu, na sasa magongo waliyashika kwa namna nyingine. Nilitaka kusema kitu, filimbi ilikuwa bado mdomoni.

Kijana akaanza kutembea kuwaelekea ndugu zake.

Alitembea mwendo wake ule ulioniudhi miezi yote. Mgongo umenyooka. Mikono aliitanua kidogo pembeni, wazi. Hakuita wala hakupunga. Na nikaona jambo ambalo nitaliona mpaka nife: wale wanaume wakaanza kupunguza. Wa mbele akashusha fimbo. Wa pili akasimama kabisa. Walikuwa wanamsoma. Mtu wao anatembea, basi hakuna jambo. Upande wa bondeni nao, walipoona wale wamesimama, wakasimama kwenye ukingo wa shamba. Yowe likafifia. Kwa muda wa kumeza mate mara mbili, mambo yalikuwa yamekwisha. Yule mtoto alikuwa ameyamaliza peke yake.

Lakini mimi sikuweza kusubiri. Nilikuwa mwalimu wa zamu, na watoto wale walikuwa mikononi mwangu. Nilifikiri lazima nifike pale haraka, niwaeleze, kabla mtu hajakosea. Nikakimbia. Nilikimbia kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha, kwa nguvu zote, kuelekea kwa wale wanaume, na mkononi nilikuwa na gongo alilolaza kijana, nililoliokota yowe lilipopigwa. Sikukumbuka kwamba ninalo.

Kijana alisikia hatua zangu. Akageuka.

"Mwalimu, tembea," akasema. Hakupaza sauti. "Tembea, mwalimu."

Nilimsikia. Si kweli kwamba sikumsikia, kama nilivyoandika kwenye maelezo yangu polisi. Nilimsikia na nikaendelea, kwa sababu miguu yangu haijui kupokea amri ya mtoto.

Mmoja wa wale wageni, mdogo wa baba yake kijana, ambaye hakuwa amewahi kuniona maishani mwake, akaona mtu mzima anamjia mtoto wao kwa nyuma, mbio, ana gongo. Akarusha rungu. Lilinilenga mimi, na lilikuwa limelengwa vizuri. Kijana alikuwa ameshapiga hatua moja kunielekea ili anizuie.

Likampata yeye kando ya jicho. Mlio wake ulikuwa mdogo. Akakaa chini kwanza, kisha akalala. Yule aliyerusha ndiye aliyefika wa kwanza, akapiga magoti, akaanza kuzungumza na mtoto kwa Kimasai haraka haraka, akimfuta damu kwa rubega yake. Mwanamke wa kuni alitupa mzigo wake akaja na maji kwenye kidumu. Mkulima mmoja alikuwa na pikipiki. Wote wale waliokuja kuuana walimbeba mtoto pamoja, na mimi nikawa nimesimama tu.

Alipelekwa hospitali ya Korogwe. Nilifika huko kesho yake asubuhi. Walisema fuvu halikupasuka, ataishi. Jicho la kushoto halitaona tena.

Baba yake alikuwa amekaa kwenye ukumbi mrefu, karibu na mlango wa wodi. Hakuwa na fimbo, askari wa mlangoni waliichukua. Nilimwamkia, akaitikia. Nikakaa pembeni yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi kwenye basi, na yote yalikuwa yananieleza mimi, hasira zangu, nia yangu njema, uwanja ule wa ndani na vioo vyake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nilijua, lakini nafikiri nilikwenda kuitafuta hiyo pole.

"Mzee, naomba unisamehe."

Watu walipita na vyombo vya chai.

"Mwalimu, nimeelezwa na mdogo wangu, nimeelezwa na watu wa bondeni, na mtoto mwenyewe amenieleza. Wote wamesema kitu kimoja. Wanasema watu walikuwa wameshasimama." Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, hakuwa amelala. "Wewe ulikuwa unakimbilia nini?"

"Nilikuwa nakuja kuwaambia kwamba hakuna jambo."

"Habari ya kwamba hakuna jambo," mzee akasema, "haikimbiliwi."

Sikuruhusiwa kuingia wodini siku ile. Niliporudi wiki iliyofuata kitanda kilikuwa na mtu mwingine. Muuguzi akasema baba alisaini karatasi akamchukua. Boma la kilimani lilikuwa limehamishwa, umebaki ua wa miiba na majivu. Nikauliza watu wa bondeni, nikauliza mnadani, nikafika hadi Mpale kwa mtu aliyesemekana kununua ng'ombe wao. Aliniambia wameelekea kusini, huko wanakohamia kila mwaka majani yakiwakimbia, na kwamba alimwona kijana mmoja mrefu amefungwa kitambaa usoni, anachunga.

Mazoezi yalisimamishwa, gunia la glovu likarudishwa stoo. Sikuadhibiwa. Kikao kiliamua ilikuwa ajali, na wazee wa pande zote mbili wakachinja mbuzi mmoja wakala pamoja. Watu wakasema hadharani kwamba tangu siku ile bonde limetulia. Walinishukuru hata mimi, kwa kuwa nami nilikuwepo.

Muhula ulipofunguliwa niliita mahudhurio ya kidato changu. Jina lake lilikuwa la kumi na saba. Siku tisini zikapita. Mwanafunzi asipoonekana muda huo lazima aondolewe kwenye orodha, na kwenye fomu kuna mahali pa kuandika sababu. Nilimuuliza mkuu niandike nini. Akasema ofisi ya elimu inakubali tatu tu: amefariki, amehama kwa barua, au mtoro. Hakufariki, na barua hakuna.

Nikaandika mtoro. Mwandiko ni wangu, na saini pale chini ni yangu.